Karatasi za Mkimbizi na Vitabu vya Parokia

Karibu kila juma, katika parokia zetu za Goma, mtu anafika kwenye biro akiwa na ombi lilelile: "Padri, uniandikie karatasi." Huyu alikimbia Masisi, karti yake ikabaki nyumbani pamoja na mbuzi na sufuria. Yule alitoka Burundi, hajaandikwa fasi yoyote. Mama wa tatu anataka kuwafuata watoto wake Uganda, naye anaogopa kwamba mpakani watamwuliza yeye ni nani. Wote watatu wanasema "karatasi", lakini hawaombi kitu kimoja, wala sheria haiwaiti kwa jina moja. Padri au katekista asiyejua tofauti anashika kalamu kwa huruma, anaandika mistari minne, anapiga kashe, na pengine amempa mtu yule kitu kitakachomletea matata. Juu ya hiyo tumeona inafaa kueleza karatasi hizi: zinatoka wapi, zina nguvu gani, na parokia ina sehemu gani katika jambo hili.

Tuanze na jina lenyewe. Katika mazungumzo yetu kila mtu aliyehama kwa vita ni mkimbizi. Sheria haisemi hivyo. Mkimbizi ni yule aliyevuka mpaka wa inchi yake. Mapatano ya Geneva ya mwaka 1951 yanamtaja mtu anayeogopa, kwa sababu ya kweli, kuteswa juu ya asili yake, dini yake, uraia wake, kundi la watu alimo, au mawazo yake ya siasa, naye hawezi kujiweka chini ya ulinzi wa inchi yake. Mapatano hayo yalihesabu tu mambo yaliyotukia mbele ya tarehe 1 Januari 1951, ndiyo kusema yaliwaangalia hasa watu wa Ulaya waliotawanywa na vita. Protokoli ya 1967 iliondoa tarehe hiyo. Afrika nayo ikaongeza neno lake: mapatano yaliyotiwa sahihi Addis Ababa mwaka 1969 yanampokea vilevile mtu aliyekimbia kwa sababu inchi yake imeshambuliwa, au imeshikwa na wageni, au amani ya watu imeharibika vibaya katika sehemu yake ama inchi nzima. Kwa watu wa Kivu neno hili la 1969 lina uzito kuliko lile la 1951, kwa maana mkulima anayekimbia mabomu hawezi daima kuonyesha kwamba yeye kwa jina lake alikuwa akitafutwa. Kongo iliingia katika mapatano ya Geneva mwaka 1965. Na tarehe 16 Oktoba 2002 ikatunga sheria yake yenyewe juu ya wakimbizi, ndiyo Sheria namba 021/2002.

Basi mtu wa Masisi au wa Rutshuru aliyelala Bulengo au Kanyaruchinya hakuvuka mpaka wowote. Yeye ni Mkongomani katika inchi yake. Huyo tunamwita deplase. Haki zake za raia anazo zote, wala hana haja ya kuomba kimbilio kwa serkali yake mwenyewe. Jeto aliyopewa kambini ilikuwa ya kupokelea unga na mafuta tu. Kambi zilizozunguka Goma zilipovunjwa mwezi wa Februari 2025, watu wengi waliondoka na jeto ile wakiitunza kama kitu cha thamani, lakini haikuwa imeandikwa kwa kuonyesha uraia wa mtu. Hali moja na jeto ya bariyeri na lesepase ya CEPGL, ule umoja wa inchi tatu za Maziwa Makuu uliozaliwa Gisenyi mwaka 1976: zinamruhusu mtu kuvuka kwa soko na kurudi. Mtu aliyevuka na jeto ya soko hajaomba kimbilio, hata kama amevuka akikimbia, mpaka aseme wazi mbele ya wakubwa wa kule kwamba anaomba.

Sasa tufike kwenye kiini cha jambo, nalo wanafunzi wa seminari watalielewa upesi. Shahada ya ubatizo haimbatizi mtu. Maji na maneno ndiyo yalimbatiza. Shahada inakuja nyuma, inashuhudia. Mtoto aliyebatizwa na mama mkunga katika hatari ya kufa ni mkristu kamili, hata kama padri hakuandika kitu. Hivi hivi HCR, yaani biro kubwa ya Umoja wa Mataifa kwa wakimbizi, inafundisha katika kitabu chake cha mwongozo cha mwaka 1979: mtu anakuwa mkimbizi siku ile mambo yanayotajwa na sheria yanapomfikia, na serkali ikimkubali haimfanyi mkimbizi, inatangaza tu kwamba ndivyo alivyo. Aliyevuka usiku kwa miguu, bila karti wala viatu, ni mkimbizi kabla biro haijafunguliwa asubuhi.

Fundisho hili lina matunda. Kwanza, mapatano ya Geneva, katika kipengele cha 31, yanakataza kumwazibu mkimbizi juu ya kuingia bila ruhusa, ikiwa ametoka moja kwa moja fasi ya hatari na amejionyesha kwa wakubwa pasipo kukawia. Tena kipengele cha 33 kinakataza kumrudisha kule ambako uhai wake au uhuru wake uko hatarini. Mwishoni, kukosa karatasi si alama ya uongo. Kitabu kile cha 1979 kinasema kwamba mwombaji akieleza habari zake kwa namna inayosadikika, na akijaribu kwa moyo mwema kuonyesha anachoweza, basi mashaka yanayobaki yahesabiwe upande wake. Ndugu zetu wanaojifunza Sheria ya Kanisa watakumbuka kanuni 876: ikiwa haimdhuru mtu, shahidi mmoja mwaminifu anatosha kuhakikisha ubatizo, au kiapo cha mwenyewe ikiwa alibatizwa akiwa mtu mzima. Kanisa lilijua tangu zamani kwamba vitabu vinaungua na watu wanabaki.

Lakini askari wa bariyeri hasomi yaliyo moyoni. Anaona karatasi au haoni. Ndiyo maana mapatano yaleyale, katika kipengele cha 27, yanaitaka serkali impe karatasi ya kujulisha kila mkimbizi aliye katika inchi yake asiye na karatasi ya safari yenye nguvu. Wazo hilo ni la zamani kidogo. Baada ya vita kubwa ya kwanza Warusi wengi walikuwa Ulaya bila inchi, maana serkali mpya ya kwao iliwanyang'anya uraia. Bwana mmoja wa Norvegia, Fridtjof Nansen, akafanya mwaka 1922 kwamba wapewe karatasi moja ambayo serkali nyingi ziliikubali, wakaiita pasipoti ya Nansen. Haikuwapa inchi. Iliwapa jina ambalo polisi wa inchi ya wengine waliweza kulisoma.

Namna gani mambo yanakwenda katika Kongo yetu? Sheria ya 2002 iliunda Komisio ya Taifa ya Wakimbizi, inayoitwa CNR, chini ya wizara ya mambo ya ndani. Mgeni anayeomba kimbilio anajionyesha, anaandikwa, anapewa atestasio ya mwombaji. Atestasio hii haisemi bado kwamba yeye ni mkimbizi. Inasema kwamba neno lake linachunguzwa na kwamba wakati huo asifukuzwe. Halafu anaitwa na kuulizwa habari zake kwa urefu. Komisio ikimkubali anapata karti ya mkimbizi. Ikimkataa anaweza kupeleka shauri lake kwa Komisio ya pili, iliyowekwa kwa kusikiliza wanaokataliwa. Mkimbizi aliyekubaliwa anaweza tena kuomba karatasi ya safari, ambayo si pasipoti ya Kikongo. Kwa kawaida inamruhusu kwenda inchi nyingine isipokuwa ile aliyoikimbia. Watu wengi wakifika pamoja, serkali inaweza kuwapokea kwa kundi pasipo kumwuliza kila mmoja, kama ilivyofanywa kwa Warundi mwaka 2015, waliopelekwa Lusenda katika Fizi. Kazi hizi zote hazina bei. Mtu anayedai franka kwa kuandika jina la mkimbizi ni mwizi, hata akiwa amevaa nishani ya kazi kifuani.

Wengine wanauliza: juu ya nini uchunguzi mrefu hivi kwa mtu mwenye taabu? Goma ina jibu lake katika historia. Mwezi wa Julai 1994 Wanyarwanda karibu milioni moja walivuka hapa kwa siku chache, wakakaa Mugunga, Kibumba, Katale na Kahindo. Ndani ya wingi ule walikuwamo mama na watoto wasio na kosa, na pamoja nao watu waliotoka kuua majirani zao. Mapatano ya Geneva yanasema wazi kwamba aliyefanya makosa ya vita au makosa dhidi ya ubinadamu hana haki ya jina la mkimbizi. Kule kambini hawakutengwa, na wenye silaha walitawala mgawanyo wa chakula. Kisha mwaka 1996 kambi zikavunjwa kwa vita, na wasio na kosa wakaumia pamoja na wenye kosa. Uchunguzi unaofanywa vizuri unamlinda mkimbizi wa kweli.

Hapa sherti tuseme juu ya karti ya uchaguzi, kwa kuwa ndiyo inayoleta mitego mingi. Tangu Zaire ilipokwisha mwaka 1997, Wakongomani wengi hawakupata karti ya uraia. Karti ya mpiga kura, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2005, ilishika fasi yake: ndiyo inayoonyeshwa bariyerini, hospitalini, na kwa kununua namba ya simu. Tarehe 30 Juni 2023 serkali ya Kinshasa ilionyesha karti mpya za uraia, lakini hazikuwafikia watu wa kawaida. Kwa hiyo mgeni anayekaa Kivu anaona kwamba karti ya uchaguzi inafungua njia zote, na karti ya mkimbizi inamletea maswali mengi, pengine na matusi. Wengine wameitafuta kwa rafiki au kwa franka, na kuna waliopewa na watu waliotaka kura zao.

Tunafahamu sababu. Hata hivyo, mtu anayefanya hivyo anasema kwa karti yake kwamba hahitaji kimbilio, kwa kuwa yuko katika inchi yake. CNR ikiiona inaweza kumwondoa katika kitabu; serkali ikimshuku uraia inaweza kumshitaki. Anapoteza pande mbili. Mwezi wa Mei 2025 tuliona hapa Goma mwisho wa mambo hayo. Tarehe 12, AFC/M23, waliokuwa wameushika mji tangu mwisho wa Januari, walionyesha uwanjani wanaume 181 waliosemwa kuwa Wanyarwanda. Karti za Kikongo walizokuwa nazo zikatangazwa kuwa za uongo, zikachomwa moto. Tarehe 17 kundi la kwanza la watu 360 likavushwa kwenda Rwanda. Shirika la Human Rights Watch liliandika mwezi wa Juni kwamba watu zaidi ya 1,500 walipelekwa kwa nguvu. Katika wao walikuwamo wakimbizi wa siku nyingi, na watoto wao waliozaliwa Kongo, na wengine waliosema kwamba wao ni Wakongomani wa kweli. Baada ya moto ule, nani angeweza kuwatenganisha? Karti ya kweli na karti ya kununuliwa zilitoa majivu ya rangi moja.

Tena kuna hatari ya namna nyingine: karti inayosema kweli na kuua. Rwanda, tangu miaka ya 1930, wakati wa Wabeleji, karti ya kila mtu iliandikwa kabila lake. Mwaka 1994, kwenye bariyeri, mstari ule mmoja ulitosha. Baada ya mauaji yale Rwanda iliufuta mstari huo katika karti zake. Tunakumbusha jambo hili kwa ajili ya parokia, kwa kuwa sisi pia tunaandika majina. Parokia iliyopokea watu darasani au kanisani inatengeneza orodha kwa kugawanya chakula. Orodha hiyo iwe na jina, hesabu ya watoto na haja zao. Kabila halina kazi katika mgawanyo wa maharagi. Ikiisha kazi, isiachwe juu ya meza. Anayekuja kuiomba, hata akija kwa heshima, aambiwe kwamba padri hana ruhusa ya kuitoa. Na kweli hana.

Tufike sasa kwenye karatasi ambazo ni zetu wenyewe. Kanuni 535 inaitaka kila parokia iwe na kitabu cha wabatizwa, cha ndoa na cha marehemu. Nakala inayotoka katika kitabu cha ubatizo inaonyesha mambo machache: jina, wazazi, msimamizi, siku, fasi, na padri. Haionyeshi uraia. Tumeona barua za parokia zenye kusema, "Huyu ni Mkongomani wa asili, namjua." Padri ametoa wapi mamlaka hayo? Sheria ya uraia ya tarehe 12 Novemba 2004 inaangalia hasa wazazi na asili yao. Kuzaliwa Goma, au kubatizwa Goma, peke yake haitoshi. Barua ya namna hiyo ikionekana kuwa ya uongo, haimharibii mtu mmoja tu: siku ya pili kashe ya parokia nzima haisadikiwi tena, na maskini mwenye kusema kweli anafukuzwa pamoja nayo. Kwa hiyo padri aandike yale anayoyaona kitabuni, na yale anayoyajua kwa macho yake: kwamba mtu huyu anakaa katika shirika fulani tangu mwezi fulani, kwamba katekista fulani anamjua. Maneno hayo machache yana nguvu, kwa kuwa hakuna anayeweza kuyaangusha.

Jambo moja mapadri wengi hawalifikiri. Mkimbizi anakuja kutaka kufunga ndoa. Padri, mtii wa sheria, anaandika barua kwa parokia ya kwao kuomba nakala ya ubatizo. Kwa barua hiyo, au kwa ujumbe wa simu, ameijulisha kule fasi anapokaa mtu anayetafutwa. Biro za kimbilio zinajizuia kabisa zisiulize inchi aliyoikimbia mwombaji. Nasi tusifanye bila kumwuliza mwenyewe kwanza kama ni salama. Akisema hapana, kanuni 876 ipo, na kiapo kipo. Mkimbizi asiye na kao mahali popote anahesabiwa katika sheria kama mtu asiye na kao, na kanuni 1071 inataka padri apate ruhusa ya Askofu mbele ya kubariki ndoa yake. Ruhusa hiyo iombwe, isiwe sababu ya kumzungusha miezi sita.

Juu ya watoto tuseme neno la haraka, ingawa lingestahili makala yake. Karatasi ya hospitali inayosema mtoto amezaliwa siyo akti ya kuzaliwa. Akti inatolewa na biro ya eta sivili, na Kitabu cha Sheria za Familia kinawapa wazazi siku 90 za kumwandikisha mtoto. Siku hizo zikipita, sherti kupata hukumu ya tribinali, na hapo safari na gharama zinaanza. Mtoto wa mkimbizi ana haki ya akti hiyo kama mtoto mwingine. Haimfanyi Mkongomani, inasema tu kwamba amezaliwa, siku gani, kwa wazazi gani. Katekista anayetangaza ubatizo wa watoto siku ya Jumapili anaweza kuuliza kila mama swali moja zaidi: mtoto ameandikwa?

Wanaotoka kwetu kwenda nje, wengi wanaelekea Uganda, ambako Wakongomani zaidi ya nusu milioni wamepokewa. Sheria ya kule ni ya mwaka 2006, na biro ya Waziri Mkuu ndiyo inayoandika wakimbizi. Anayevuka Bunagana na kufika Nyakabande karibu na Kisoro anachukuliwa picha na alama za vidole. Jamaa inapewa karatasi moja ya pamoja yenye majina ya wote, halafu karti. Mama yule tuliyemtaja hapo juu hatakataliwa kwa kukosa karti. Lakini asifiche wala kugeuza jina: jina atakaloandikwa siku ya kwanza litamfuata shuleni, hospitalini na katika safari zote, na kulirekebisha ni kazi ya miaka. Akisema mtoto wa dada yake ni wake wa kuzaa, anafikiri anamlinda. Baadaye mtoto akitafutwa na mama yake mzazi, vitabu vitasema hana mama mwingine.

Tumalize na vitabu vyenyewe. Sheria ya Kanisa ya 1917 iliamuru paroko apeleke kila mwaka nakala ya vitabu vyake kwa Askofu. Sheria ya 1983 haikurudia amri hiyo, na parokia nyingi zimeiacha. Katika mji ambao lava ya Nyiragongo ilila kanisa kuu lake mwaka 2002, na ambao vita imepita mara nyingi, tunadhani desturi ile ya zamani inafaa irudishwe, hata kwa kupiga picha kurasa na kuzitunza mbali. Na katekista wa shirika awaandikie watu wake, mbele ya siku ya kukimbia, namba zao za ubatizo: parokia, kitabu cha ngapi, ukurasa, namba. Ni mstari mmoja tu. Unaingia hata katika kifuko cha rozari.